Bunduki na Risasi za Kuwindia Kulungu Milimani kwa Umbali Mrefu

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amewinda kwa miaka 6 katika nchi tambarare akitumia bunduki ya .308 Winchester (jina la namna hii ni la aina ya risasi, na bunduki huitwa kwa risasi inayoipiga), na kwamba hajawahi kumpiga mnyama aliyesimama mbali zaidi ya mita 150. Msimu ujao amealikwa kuwinda kulungu milimani, na mwenyeji wake amemtahadharisha kuwa huko huenda akalazimika kupiga kwa mita 400, pengine hata 500. Rafiki yake mmoja anamhimiza auze bunduki yake anunue ya .300 Winchester Magnum, na mwingine anaapa kwamba hakuna kama 6.5 Creedmoor. Anauliza anunue ipi, na kama .308 yake imeshapitwa na wakati.

Ndugu yangu, nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Bunduki yako usiiuze. Risasi ya .308, iliyotoka mwaka 1952, inamtosha kulungu hadi mita 300 na zaidi kidogo, maadamu mpigaji anamudu umbali huo. Kama fedha za kununua bunduki nyingine unazo na moyo wako umeshaipenda safari ya milimani, nunua ile isiyokupiga teke kali: 6.5 Creedmoor, 7mm-08 Remington au .270 Winchester. Hiyo .300 Winchester Magnum mwachie mtu ambaye tayari ana shabaha nzuri na bunduki ndogo na anajua hasa anachokifuata kwa kuongeza nguvu. Kuhusu mita 500 nitasema baadaye, kwa kuwa hilo halihusu bunduki peke yake.

Tuelewane kwanza kuhusu mnyama mwenyewe. Ninaposema kulungu hapa simaanishi kulungu wa vichakani mwenye pembe zilizosokotwa. Ninamaanisha wale wa nchi za baridi, ambao madume yao huota pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka: kulungu wenye masikio makubwa wa milima ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kulungu wekundu wa Uskoti, na ndugu zao waliopelekwa New Zealand katika karne ya 19. Wanatofautiana sana kwa uzito, lakini sehemu ya kulenga, yaani mapafu na moyo nyuma ya bega, kwa wengi wao ni duara la takriban sentimita 20 hadi 25. Likumbuke duara hilo, kwa sababu kila tarakimu nitakayoitaja kuanzia hapa inapimwa kwalo.

Watu wengi huanza na nguvu ya risasi, na hapo ndipo rafiki yako wa .300 alipoanzia. Nguvu ina umuhimu wake, ila kiasi kinachohitajika si kikubwa kama inavyodhaniwa. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani, ambayo ni miongoni mwa zinazotaja kipimo waziwazi, inadai kwa kulungu wakubwa kipenyo kisichopungua milimita 6.5 na nguvu isiyopungua jouli 2,000 kwa umbali wa mita 100. Sasa chukua risasi ya 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha gramu 9.3, yaani greni 143, kinachotoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 823 kwa sekunde. Kikifika mita 400 bado kina kasi ya takriban mita 640 kwa sekunde na nguvu ya jouli 1,900 hivi. Vichwa vingi vya kuwindia huhitaji kasi ya kati ya mita 550 na 600 kwa sekunde ili vifunguke vizuri ndani ya mwili. Kwa hiyo kwa mita 400 risasi hiyo ndogo bado inafanya kazi yake yote. Kulungu hafi kwa wingi wa jouli. Anakufa kwa sababu mapafu yake yametobolewa na kichwa cha risasi kilichofunguka na kupita, na kichwa kilichopita sentimita 30 nyuma ya mapafu hakiokolewi na nguvu yoyote.

Baada ya nguvu watu huogopa kushuka kwa risasi. Ukirekebisha darubini ili risasi hiyo ya 6.5 ipige katikati kwa mita 200, itashuka kiasi cha sentimita 25 ikifika mita 300, na kiasi cha sentimita 70 ikifika mita 400. Tarakimu hizo zinatisha mtu anapozisikia mara ya kwanza, lakini mvutano wa dunia haubadiliki asubuhi na jioni: ukijua umbali, unajua risasi itashuka kiasi gani, na unazungusha gurudumu dogo lililo juu ya darubini kulingana na jedwali ulilolithibitisha mwenyewe kwa kupiga. Ubaya uko kwenye kukisia. Kati ya mita 400 na 450 risasi hiyo inashuka tena zaidi ya sentimita 30, na milimani, ambako hewa ni angavu na kuna bonde tupu katikati, jicho la mtu aliyezoea tambarare hudanganyika kwa mita 50 bila shida yoyote. Ndiyo maana ninakusihi, kabla hujagusa fedha za bunduki, ununue kipima umbali cha leza, tena kile kinachopima na mwinamo.

Mwinamo wenyewe huwasumbua wengi. Risasi haishuki kwa kufuata urefu wa mstari kati yako na mnyama. Kinachohesabika, kwa kukaribia, ni umbali wa ulalo, kana kwamba mlima umesawazishwa. Mnyama aliye mita 400 chini yako kwenye mteremko wa nyuzi 30 anapigwa kama yuko mita 346. Ukisahau hilo na kuzungusha gurudumu kwa mita 400 kamili, risasi itapita takriban sentimita 20 juu ya ulipokusudia, nayo inatosha kumkosa kabisa au, jambo lililo baya zaidi, kumgusa mgongoni. Kanuni ni hiyo hiyo ukipiga kuelekea juu; wanaosema kwamba ukipiga juu risasi hushuka zaidi wamekosea. Kuna pia suala la kimo. Kwenye mita 3,000 juu ya usawa wa bahari hewa ina uzito wa karibu robo tatu tu ya ule wa pwani, kwa hiyo risasi haikwamishwi sana, na jedwali ulilolitengeneza nyumbani litakuwa linakupigisha juu kidogo kwa umbali mrefu. Programu za hesabu za risasi kwenye simu hulishughulikia hilo vizuri ukiziingizia kimo na joto la mahali ulipo.

Sasa tuje kwenye upepo, kwani hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Umbali unapimika, mwinamo unapimika, lakini upepo wa milimani unakisiwa hata na wale waliozeekea kazi hii, na ndio unaopaswa kuamua aina ya risasi utakayobeba. Chukua upepo wa kilomita 16 kwa saa unaokuja ubavuni, yaani upepo wa kawaida kabisa, unaotikisa majani na vitawi vidogo bila kukoma. Kwa mita 400, risasi ya .308 yenye kichwa cha kawaida cha gramu 10.7 husukumwa pembeni zaidi ya sentimita 40. Risasi ya 6.5 Creedmoor niliyoieleza husukumwa karibu sentimita 30. Na .300 Winchester Magnum, ile ya mwaka 1963 yenye sifa kubwa, ikiwa na kichwa chembamba cha gramu 11.7? Nayo ni karibu sentimita 30, kwa tofauti isiyozidi upana wa vidole viwili.

Sababu ni umbo. Kichwa kirefu, chembamba kwa kipenyo chake na chenye ncha kali, hupenya hewa kwa urahisi na kutunza kasi yake njiani, na ganda la 6.5 Creedmoor, lililotolewa mwaka 2007, lilibuniwa tangu mwanzo kwa mashindano ya shabaha na kwa vichwa vya namna hiyo. Ile magnum hufikia matokeo yaleyale kwa kuchoma baruti nyingi zaidi, na baruti hiyo inalipiwa begani. Katika bunduki za uzito unaokaribiana, teke la .300 Winchester Magnum ni takriban mara mbili ya lile la 6.5 Creedmoor. Kwa mnyama mkubwa kuliko kulungu ningekubali gharama hiyo bila kusita. Kwa kulungu sioni unachokinunua.

Nikuonyeshe upepo wenyewe ulivyo. Miaka kadhaa iliyopita nililala juu ya mwamba, mkoba wangu ukiwa chini ya bunduki, nikimtazama dume ng'ambo ya korongo, kipimo kikisoma mita 370. Nilipolala hapakuwa na upepo. Unyoya niliouachia ulianguka kando ya mkono wangu. Nilipiga kwa utulivu kabisa, na mwenzangu aliyekuwa kwenye darubini ya pembeni akaona vumbi likitoka kwenye jiwe mbele ya kifua cha yule dume, ambaye aligeuka na kuvuka mgongo wa mlima bila jeraha. Ndipo nilipoteremsha macho kwenye korongo lenyewe. Nyasi za katikati ya mteremko zilikuwa zimelala upande mmoja na hazikunyanyuka hata mara moja kwa muda wote nilioziangalia. Zilikuwa hivyo kabla sijapiga. Mimi ndiye sikuziangalia.

Mchana jua linapopasha miteremko, hewa hupanda kufuata makorongo, na jioni inapopoa huteremka, na kwenye miinuko inayojitokeza hujipinda kwa namna ambayo hakuna kifaa cha mkononi kinachoweza kuipima kutoka ulipo. Jifunze kusoma nyasi, vumbi, ukungu na mawimbi ya joto kupitia darubini, mahali mnyama alipo na katikati ya njia, si pale ulipo wewe peke yake. Na pale ambapo nyasi za sehemu tatu zinasema mambo matatu, teremka, zunguka, usogee karibu.

Nimelitaja teke, na ninalirudia kwa makusudi. Mtu wa umbo lolote anaweza kuivumilia .300 mara tano, kumi. Lakini shabaha ya mbali hujengwa kwa mamia ya risasi, na mwili unaopigwa kila mara hujifunza kujikinga: macho hufumba, bega husukuma mbele, kidole hukwapua triga, yote kabla ya mlio. Unaweza kujipima kwa urahisi. Ukiwa uwanjani, mwombe mwenzako akujazie bunduki huku akichanganya risasi za mazoezi zisizo na baruti wala fataki, nawe usijue ipi iko chembani. Ikiangukia ile tupu, tazama ncha ya mtutu. Ikitulia kimya huku triga ikilia, uko salama. Ikidunda chini kama mtu anayeitikia kwa kichwa, basi hata zile zenye baruti zilikuwa zinadunda hivyohivyo, ila mlio ulikuficha. Nimewaona watu wazima, wawindaji wa miaka mingi, wakinyamaza kabisa baada ya jaribio hilo.

Wapo watakaokwambia ufunge kipunguza teke kwenye mdomo wa mtutu. Kinafanya kazi kweli, ila hurudisha mlipuko kwenye masikio yako na ya mwenzako aliyelala kando, na mlio wa bunduki ya kuwindia hata bila kifaa hicho unapita kiwango ambacho mara moja tu inatosha kuharibu usikivu. Pale sheria inaporuhusu, kizuia sauti ni chaguo bora zaidi, kwani hupunguza teke na mlio kwa pamoja, na ukikifunga utachagua mtutu mfupi kidogo ili bunduki isizidi urefu wa kubebeka.

Kuhusu bunduki yenyewe sina mengi. Iwe ya bolti, yaani ile unayoijaza kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono kila baada ya kupiga, kwa sababu ni imara, nyepesi na rahisi kusafishwa tope. Mtutu wa sentimita 56 hadi 61 unatosha. Uzito wake pamoja na darubini uwe karibu kilo 4: chini sana ya hapo utaifurahia unapopanda na utaichukia unapolenga huku moyo ukidunda, maana bunduki nyepesi hufuata kila pigo la mshipa. Usidanganyike na ahadi za kutoboa tundu moja. Bunduki inayokusanya risasi zake ndani ya sentimita 3 kwa mita 100 huzikusanya ndani ya sentimita 12 hivi kwa mita 400, na duara letu ni 20. Bunduki nyingi za leo za bei ya wastani zinaweza hilo. Triga inayovutika kwa ulaini bila kusuasua ina thamani kubwa kuliko mapambo yote ya kitako.

Jambo moja la mtutu ambalo wauzaji hulisahau ni michirizi ya ndani inayoizungusha risasi. Kichwa kirefu kinahitaji kuzungushwa haraka ili kisiyumbe hewani. Mitutu ya 6.5 Creedmoor kwa kawaida huzungusha risasi mara moja kwa kila sentimita 20, ilhali ile ya .270 Winchester, risasi ya mwaka 1925 ambayo ninaipenda sana, kwa desturi huzungusha mara moja kwa kila sentimita 25. Kwa hiyo .270 ya kawaida itakupa vichwa vizuri vya gramu 8.4 hadi 9.7, lakini vile virefu sana vya kisasa haitavituliza. Hili lina uzito zaidi pale risasi zenye madini ya risasi zilipopigwa marufuku, kama California ilivyofanya kwa uwindaji wote tangu Julai 2019. Vichwa vya shaba tupu ni virefu kuliko vile vya madini ya risasi vyenye uzito sawa, na hutaka kasi kubwa zaidi ili vifunguke. Ukilazimika kuvitumia, chagua chepesi kidogo na upunguze umbali wako wa mwisho.

Darubini usiionee uchoyo. Ukuzaji wa mara 3 hadi 15 unatosha kabisa. Ninachokidai ni gurudumu linalosogea kwa kipimo cha kweli na kurudi pale lilipoanzia. Lijaribu: zungusha juu, piga, rudisha, piga, na rudia mpaka uamini. Vikaze vile visikurubu vya kitako cha darubini kwa bisibisi ya kupimia nguvu, na baada ya safari yoyote ya gari au ndege piga tena risasi mbili au tatu kabla ya kupanda mlima. Msimu mmoja nilikuta skurubu ya nyuma imelegea robo mzunguko, na bunduki iliyokuwa sahihi nyumbani ilikuwa inapiga sentimita 15 kushoto kwa mita 100.

Sasa hiyo mita 500. Mpaka wa mtu haununuliwi dukani. Kipimo ninachokitumia ni hiki: risasi ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, nimelala juu ya mkoba au nimeketi na fimbo, baada ya kupanda mpaka pumzi inanikimbia, iingie kwenye duara la sentimita 20. Fanya hivyo siku 10 tofauti, zenye upepo tofauti. Umbali ambao risasi zote 10 zimeingia ndio mpaka wako wa msimu huo. Risasi tisa kati ya kumi hazitoshi, kwani ile ya kumi ni mnyama aliyejeruhiwa. Wengi waliofanya jaribio hili nikiwa nao walikuta mpaka wao ni mita 250 au 300, na hawakuwa wapigaji wabaya. Pia kumbuka muda: risasi yetu huchukua zaidi ya nusu sekunde kufika mita 400, na karibu sekunde 0.7 kufika mita 500. Kulungu anayechunga anaweza kupiga hatua moja ndani ya muda huo, na hatua moja huhamisha tumbo lake mahali palipokuwa na mapafu. Mwenyeji wako anajua mlima, na ni haki yake kukutahadharisha, lakini umri wote nilioutumia milimani umenionyesha kwamba kulungu wengi wanaoonekana kwa mita 500 wanaweza kukaribiwa mpaka 300 na mtu aliye tayari kupoteza saa mbili na kurudi nyuma ya mgongo wa mlima.

Kwa hiyo fedha zako zipange hivi: kipima umbali, kisha risasi zisizopungua 200 za aina moja utakayowindia, kwa .308 uliyonayo, upige kuanzia sasa. Ukifika mwisho wa boksi la mwisho na bado upepo unakusumbua kuliko teke, ndipo ununue 6.5 Creedmoor, ukijua kwa nini unainunua.

Na siku utakapopiga, usinyanyuke mara moja. Rudisha bolti, baki kwenye darubini, tazama anakokwenda. Kisha, kabla ya kuvuka korongo, piga picha kwa simu ya mteremko ulio mbele yako na uweke alama pale aliposimama: jiwe jeupe, mti uliokauka, ufa wa mwamba. Mwenzako abaki ulipopigia akuelekeze kwa mkono. Ukifika ng'ambo, baada ya nusu saa ya kushuka na kupanda, kila jiwe litakuwa jeupe na kila mti utakuwa umekauka, nawe utahitaji kupata mahali palepale penye manyoya na tone la kwanza la damu kabla giza halijaingia.